Maswali Niliyoyaruka

Barua ya chuo cha biashara ilisema naruhusiwa kurudia mtihani wa kuingia mara moja tu. Niliisoma nimesimama. Pale kijijini kwetu Matiri wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupandisha malori yao kufuata kahawa, na chama cha ushirika, nilikokuwa karani, kilikuwa kinapunguza watu. Nikikosa chuo, basi tena.

Sista mmoja wa parokia, aliyewahi kufundisha hesabu, alikubali kunipa mtihani wa mazoezi, akinipimia muda kwa saa yake ya mkononi. Muda ulipokwisha nilikuwa bado nakomaa na swali la saba, yaliyofuata sijayagusa.

"Binti, kwa nini usiliruke?"

Niruke? Mtu niliyelelewa na mama yule? Sisi tunalima ngoro, mashimo ya mlimani yanayoshika maji ya mvua. Ukiacha moja, maji yanapita hapo hapo na kubomoa yote ya chini. Nikiwa mdogo niliruka moja lenye mawe. Mama alinirudisha, akasimama pembeni mpaka nikalimaliza. Tangu hapo kuacha kitu nusu kunanitia kichefuchefu.

"Karatasi haina mteremko," Sista akasema. "Ruka, utarudi."

Siku ya mtihani, Songea, swali la nne likanigomea. Nikaliruka, na jasho likanitoka mpaka kalamu ikateleza vidoleni. Nikaruka la tisa, kisha la kumi na mbili, na mengine mbele yake. Niliogopa, sifichi, kila nilipofungua ukurasa mpya nilihisi kitu kinabomoka nyuma yangu. Nilipofika mwisho nikarudi kuyajaza. Msimamizi alipokusanya karatasi, matatu yalikuwa bado wazi.

Alama zilipanda, nikachaguliwa. Barua nilimpelekea mama shambani. Hakujua kusoma, lakini alifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuishika.

"Safari hii ulimaliza yote?"

"Yote, mama."

Jumapili akawaambia wenzake wa jumuiya kwamba binti yake haachi shimo. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeinamisha kichwa.

Chuo nilimaliza, kazi nikapata, na mama alikufa akiamini hivyo. Mpaka leo mvua kubwa ikinyesha nayakumbuka yale maswali matatu, na ninachoogopa ni kwamba huko aliko ameshayaona.