Ufa Uliobaki Nje ya Picha

Ungemkuta Noela kazini, usingedhani anatengeneza tovuti. Kompyuta yake muda mwingi ilikuwa imefunikwa kitambaa, na yeye amesimama mlangoni juani, mkononi simu ya bei rahisi, anasukuma ukurasa kwa dole gumba huku amenuna. Ile simu nilimpa mimi. Mimi ni fundi simu, meza yangu iko baraza hiyo hiyo aliyofanyia kazi yeye, mtaa wa Kalangalala mjini Geita, na siku alipohamia aliniomba simu mbovu kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikampa moja iliyokuwa ikipata joto mpaka inanukia. Akashukuru sana, nikamwona hana akili timamu.

Baadaye nikamwelewa. Geita nzima inaishi kwenye simu. Mchimbaji akitaka gesti, akitaka pampu, akitaka shule ya mtoto, anatafuta kwa simu, tena penye mtandao wa kusuasua. Wengine mjini hapa walikuwa wanatengeneza tovuti za kutazamwa kwenye kompyuta. Ukizifungua kwenye simu maandishi yanakuwa madogo kama sisimizi, unayavuta kwa vidole viwili mpaka unakata tamaa. Za Noela zilijipanga zenyewe. Kioo kikiwa kipana zinatanuka, kikiwa chembamba zinajibana, picha zinakatwa pembeni, kinabaki cha katikati. Wateja walimbishia, wanataka kila kitu kionekane. Yeye anainua ile simu mbovu na kusema, "Kisichotosha hapa hakuna atakayekiona." Nilikuwa naipenda hiyo kauli. Siku hizi siwezi kuisikia.

Kwao ni Shinyanga vijijini, na mdogo wake wa mwisho, Bujiku, alikuwa mchimbaji huku kwetu. Mama yao alipokubali kijana aje machimboni, alimkabidhi mikononi mwa Noela, akamwambia mbele ya watu kwamba akimrudisha amekufa asirudi na yeye. Hakuwa anatania. Kwa hiyo kila Jumapili Bujiku alikuja kula barazani kwetu, na kila Jumapili Noela alimtazama vidole, macho na miguu kama anakagua mbuzi mnadani. Bujiku alikuwa akicheka na kumwita daktari.

Duara alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa Igalamoto, la mtu aitwaye Magesa. Shimo refu, limeegemezwa kwa magogo ambayo wenyewe wanayaita matimba, na juu yake kuna winchi ya kushusha watu na kupandisha mawe. Mwaka huo duara lilitema, yaani dhahabu ilipatikana ya kutosha, na Magesa akaanza kuota mwekezaji mwenye mashine. Akaambiwa wawekezaji siku hizi wanakuangalia mtandaoni kwanza. Ndipo akamfuata Noela.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo moja, nalo usinicheke, maana wenye nalo hawacheki. Pale Igalamoto mwanamke haruhusiwi kuukaribia mdomo wa duara. Wamezungusha kamba yenye vitambaa vyekundu. Mama ntilie, wasaga mawe, wauza sambusa, wote wanakaa nje yake. Mwanamke akiivuka, wanasema dhahabu inakimbia. Kazi inasimama hapo hapo, kila aliyeko chini anapanda juu, na hashuki mtu mpaka aitwe mtaalamu wao achinje mbuzi na kulisafisha duara. Mimi ni Mwislamu wa Tabora, mambo hayo siyaamini, lakini nikienda Igalamoto kutengeneza simu naiheshimu ile kamba kama wao. Tumbo langu liko hapo.

Noela naye aliiheshimu. Alikwenda kupiga picha za tovuti, akasimama nje ya kamba, mbali, akapiga picha pana: Magesa katikati amevaa kofia mpya ya mgodini, anacheka, huku na huku winchi, vifusi na watu. Akarudi, akaitengeneza tovuti kwenye simu mwanzo mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kwenye simu alionekana Magesa peke yake, meno yote nje, na chini yake maandishi: Usalama kwanza. Magesa akafurahi mno. Igalamoto nzima ikaifungua.

Wiki hiyo mvua zikaanza, mvua kubwa.

Siku moja mchana tulikwenda dukani kwa Ankit, kijana wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye naye alitaka tovuti. Mimi nilikuwa namfungia spika. Ankit akasema, "Dada Noela, nionyeshe kazi uliyomaliza juzi," akaifungua tovuti ya Magesa kwenye televisheni kubwa ya ukutani. Ile picha ikatanuka ukuta mzima, pembe kwa pembe. Noela akaanza kueleza mambo yake ya rangi na maandishi. Ankit hakuwa anasikiliza. Aliinuka, akasogea mpaka karibu, akaweka kidole upande wa kushoto.

"Hapa ardhi imepasuka," akasema.

Ulikuwa ufa. Ulianzia nyuma ya winchi, ukapita chini ya kifusi, ukatokeza tena ng'ambo. Mtu alikuwa amepanga viroba vya mchanga juu yake, lakini havikutosha kuufunika wote. Na matimba ya upande huo yalikuwa yameinama kuelekea shimoni. Ankit anauza mbao na nondo, anajua kitu kilichobeba mzigo kikoje. Akamuuliza Noela kama kuna watu chini ya pale. Noela alikuwa ameshachukua simu.

Alipiga simu ya Bujiku, ikaita bila kupokelewa. Nikamkumbusha kwamba duara likitema Magesa hukusanya simu zote za wachimbaji kabla hawajashuka na kuzifungia kwenye sanduku, habari za dhahabu zisivuje. Akampigia Magesa mwenyewe.

"Ufa gani? Huo ni wa kiangazi, wa siku zote," Magesa akasema, na sauti yake tuliisikia wote. "Nina mgeni wangu kesho, binti. Hiyo picha usiiguse."

Akapigia ofisi ya madini. Aliyepokea alimsikiliza vizuri, akamwambia mkaguzi atafika kesho asubuhi. Mwishowe akampigia mama Generosa, mama ntilie wa pale Igalamoto, ambaye Bujiku hula kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Mbona unahema?"

Noela akamweleza kuhusu ufa, akamwomba aende awaambie vijana watoke. Mama Generosa akasema yeye kamba haivuki, na walinzi hawawezi kusimamisha winchi kwa maneno ya mpika wali. Akauliza, "Huo ufa uko wapi? Niwaonyeshe." Noela akamwambia afungue tovuti ya bosi. Tukasubiri. Tukasikia kijiko kikiwekwa chini.

"Nimefungua. Mbona ni bosi tu anacheka? Ufa siuoni mie."

Noela akanitazama. Sijawahi kuona mtu akitazama namna ile, na nisingependa kuona tena. Ukingo wa picha alikuwa ameukata yeye, kwa mkono wake, ili bosi atoshe. Akajaribu kutuma picha yenyewe. Mtandao wa kule ukawa unazunguka tu, unazunguka tu.

"Kaka Masudi, washa pikipiki," akaniambia.

Njiani nilimwuliza anakwenda kufanya nini. Akaniambia nikaze mwendo. Matope yalikuwa yameshika magurudumu, na pale tunapokata kutoka barabara ya Katoro niliona maji yamesimama kila shimo, nikaogopa kabisa. Nilitamani pikipiki izime.

Tulimkuta Magesa nje ya kamba, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa soda. Noela akamsalimia kwa adabu. Akamwonyesha picha nzima kwenye simu yake, akaivuta ikawa kubwa, akamwonyesha ufa, akamwonyesha matimba. Walinzi wakasogea kuchungulia. Magesa akaona wanachungulia, akacheka kwa nguvu.

"Jamani, fundi wa kompyuta amekuwa mhandisi wa migodi! Rudi mjini, mama. Kaendelee na vioo vyako."

Watu wakacheka naye. Anayekulipa akicheka, unacheka. Ile winchi ikaendelea kulia. Noela akairudisha simu mfukoni, akatazama winchi, akatazama vile vitambaa vyekundu. Hapo ndipo nilipoelewa amekuja kufanya nini, nikamshika mkono. Akanitoa vidole kimoja kimoja, taratibu, akapandisha gauni kidogo, akaivuka kamba.

Mama Generosa alipiga ukelele. Mlinzi mmoja aliinua mkono amzuie, akaushusha, maana kumgusa ndani ya kamba nako ni balaa. Noela alitembea mpaka kwenye mdomo wa duara kabisa, akasimama pale watu wote wamwone, viatu vyake vya kanisani vimezama kwenye tope. Winchi ikanyamaza. Kisha mtu akaanza kugonga ile ringi ya gari iliyotundikwa, wanayogonga kukiwa na msiba, akagonga bila kuacha.

Wakapanda, winchi sasa ikivuta watu tu. Walitoka mmoja mmoja na wawili wawili, weusi kwa tope, wakimtazama Noela na kutema mate chini. Kila kichwa kilipotokeza alikitazama, na kila alipoona si Bujiku alirudi kutazama shimo. Wengine walishaanza kumtukana kwa Kisukuma, matusi ya kumtaja mama yake. Bujiku alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alipomwona dada yake amesimama pale, uso wake ulibadilika, akafunika macho kwa mkono kama mtu anayeona aibu ya mzazi.

Noela akarudi nje ya kamba. Watu wakamfuata kwa kelele, na kwa kumfuata hivyo wote wakaondoka pale mdomoni. Ardhi haikunguruma wala nini. Ilishuka tu. Winchi ikainama, ikaenda, vifusi vikaenda, na palipokuwa na duara pakawa na bonde linalofuka moshi wa vumbi lenye unyevu. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ndani. Mimi nilikaa chini nikalia, sioni haya kusema.

Nilidhani watamwinua juu kwa mabega. Nilikuwa mjinga.

Sauti moja, sikuona ya nani, ikasema, "Amelivunja. Amepita, na limevunjika."

"Ufa ulikuwepo!" Noela akapaza sauti. "Ulikuwepo tangu siku ile ya picha! Picha ninayo hapa, njooni muone!"

Magesa hakubishana naye. Aliagiza sanduku la simu lifunguliwe, kila mtu apewe yake, akawaambia wafungue tovuti waone ufa. Wakafungua. Simu baada ya simu, Magesa anacheka katikati ya kioo, na nyuma yake kipande cha ardhi kizima kabisa. Noela akainua simu yake yenye ile picha pana. Kijana mmoja akaitazama, akamrudishia bila hasira, akamwuliza, "Dada, si wewe ndiye fundi wa picha?"

Nilimtoa pale kwa ubavu. Jiwe moja lilinipata mgongoni tukiwa tumeshapanda pikipiki.

Nilimfuata Ankit nimwombe aseme alichokiona ukutani kwake. Aliniambia mimi, mlango ukiwa umefungwa, kwamba ufa aliuona na hataki mtu mwingine amwulize. Wateja wake ni wachimbaji. Sikumlaumu, ila simtengenezei spika tena. Wenye gesti wakaomba jina la Noela liondolewe chini ya tovuti zao. Mkaguzi alifika, akazungushia utepe, akaandika kwamba duara lilititia kwa mvua na matimba mabovu, na hakuna Igalamoto aliyetaka kuisoma karatasi hiyo. Halafu wakaanza kuja wanaume nisiowajua, wanakaa mezani kwangu na simu zisizo na ubovu, wanauliza yule dada wa tovuti siku hizi analala wapi.

Ijumaa akaja Bujiku. Amekonda, amevaa shati safi. Noela aliruka, akamwekea kiti, akapakua wali. Kijana hakukaa. Sahani ikabaki juu ya kompyuta.

"Dada, ondoka Geita. Nyumba wanaijua. Na kwa mama usiende, wametuma watu kule pia."

"Nitaondoka," Noela akasema. "Lakini wewe uko hai, Bujiku. Mwambie mama uko hai."

Bujiku akatazama chini.

"Nimemwambia. Ameniuliza umelipa nini ili mimi nibaki hai."

Noela akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Na wewe? Wewe unaamini ulikuwepo ufa?"

"Mimi nilikuwa chini, dada," Bujiku akasema. "Ufa sikuuona. Nilisikia tu kwamba umepita, halafu likaanguka."