Chatu wa Elihuruma na Dawa ya Kupe

Wewe ungejua kwamba dawa ya kupe wa ng'ombe inaweza kuua nyoka? Elihuruma hakujua, na duka la pembejeo lililomuuzia halikumwambia kitu. Chatu wake, aliyemfuga pale Usa River kwa ajili ya watalii, alipojaa utitiri, alimwogesha dawa ile kama anavyoogesha ng'ombe wake. Jioni chatu akaanza kutetemeka, kichwa kikipinda nyuma. Elihuruma alimsuuza kwa maji safi tena na tena, mpaka mikono ikaishiwa nguvu.

"Baba Fransiska, njoo ule," mkewe alimwita. "Huyo hata ahsante hajui."

"Sumu nimempa mimi, mama."

Akabaki bandani, amechoka hata kusali. Asubuhi chatu alikuwa amekufa. Mkewe, ambaye hakuwahi kumgusa nyoka yule, akaingia, akashika mkia, wakambeba pamoja hadi migombani.