Mabomba ya Mwisho ya Mzee Spana

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye mvi za pembeni amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu. Mkononi ana bisibisi ndefu: ncha imegusa bomba, mpini wa mbao umebanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio lake. Amefumba macho. Amepiga marufuku mazungumzo nyumba nzima, na hata mwandishi wa makala haya ameombwa aache kubofyabofya kalamu yake.

"Fungua," anasema.

Mwenye nyumba anafungua koki ya sinki.

"Haya, funga. Funga kwa haraka, kama umekasirika."

Koki inafungwa, na papo hapo ukuta unagonga. Gong! Kishindo kinashuka jikoni, kinapanda tena darini, na miswaki inacheza ndani ya kikombe chake.

"Umemsikia?" fundi anauliza, macho bado kayafumba. Kelele za mabomba huzisema kama watu. "Huyu si wa hapa bafuni. Hapa anapita tu."

Mtaani anaitwa Binti Spana. Ana wajukuu, lakini ubinti haujamtoka, kwa sababu baba yake, Mzee Spana, yungali hai na jina bado ni lake. Ni fundi bomba kama alivyokuwa baba, na anaitiwa zaidi kazi ambayo mafundi wenzake huikimbia: mabomba yanayopiga kelele.

Wanaikimbia kwa sababu inayoeleweka. Kung'oa mabomba ya zamani na kuweka mapya kunalipa mara nne ya kukaa sakafuni na kusikiliza. "Wananicheka," anasema. "Wananiambia, wewe mama ni fundi au daktari wa kifua?"

Leo kazi ina uzito wa pekee. Kwenye korido, mabomba mapya ya plastiki yameegemezwa ukutani, yamefungwa kwa kamba, na mafundi wa kuvunja kuta wamepangiwa kufika mchana. Kelele zikikoma kabla hawajafika, mabomba ya chuma yatabaki mahali pake. Zisipokoma, yatang'olewa yote.

Mabomba hayo aliyafunga Mzee Spana kwa mikono yake. Zamani karibu kila nyumba ya mtaa huu ilikunywa maji kupitia kazi yake. Moja baada ya nyingine, nyumba zimevunjwa, zimekarabatiwa, zimebadilishwa. Imebaki hii.

"Hii ndiyo ya mwisho," anasema Binti Spana, na safari hii hatanii. "Wakiyatoa haya, baba yangu hana alichobakiza mjini isipokuwa mimi."

Mwenye nyumba ni mkunga wa zamu za usiku, mwanamke mchangamfu asiyeficha uchovu wake. Nyumba ameirithi kwa shangazi yake. Hana ugomvi na historia ya mtu yeyote, anataka usingizi tu.

"Mimi nazalisha watu usiku kucha," anaeleza. "Nikirudi nalala mchana. Sasa mtu akifunga maji jikoni, naruka kitandani nikidhani kuna mama uchungu umemshika, amekuja kunigongea. Nimeshafika mlangoni na kiatu kimoja mara ngapi, nafungua, hakuna mtu! Jirani sasa ananiangalia kwa jicho la huruma."

Asubuhi hii Binti Spana amekwisha kuzinyamazisha kelele mbili. Ya kwanza ilikuwa mluzi wa koki ya jikoni. Mluzi, anasema, ni maji yanayopita penye upenyo mdogo, na mara nyingi mpira mdogo ulio ndani ya koki umechakaa. Ameifungua koki, mpira umetoka umelika upande mmoja, ameweka mpya.

Ya pili ilikuwa tik, tik, tik, baada ya mtu kuoga maji ya moto. Bomba likipata joto hurefuka kidogo, na hili lilikuwa linajisugua kwenye ubao linapopenya. Amelivika kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kama mtoto anayevikwa soksi.

Imebaki hii ya tatu, yenye kishindo. Maji yanayokwenda mbio yakisimamishwa ghafla hujigonga, na bomba lililolegea hupigapiga ukuta. Amekaza vibanio vyote vinavyofikika. Kishindo kimepungua, lakini kipo.

Anajikuna kichwa. Anapanda, anashuka, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Anachotafuta anakieleza: katika kazi zake baba yake alikuwa na kawaida ya kuacha kipande cha bomba kimesimama wima, kimezibwa juu, kimejaa hewa tu. Maji yakisimama ghafla, hewa ile hubonyea na kuupokea mshindo. Mzee alikiita pafu.

"Kila nyumba aliiwekea pafu, mara nyingi nyuma ya sinki. Hapa nyuma ya sinki hakuna," anasema. "Na siku aliyolifunga pafu la nyumba hii mimi sikuwepo. Nilikuwa na mtihani."

Anaiangalia saa ya ukutani, anafuta mikono, anamwambia mwenye nyumba, "Dada, naomba nikamlete mwenyewe."

Njiani kwenda nyumbani, mitaa miwili kutoka hapo, anasimulia walivyokuwa wakifanya kazi enzi zile. Yeye alikaa chini kwenye koki kuu, baba yake juu kwenye dari au bafuni. Simu za mkononi hazikuwepo, na kupiga kelele ndani ya nyumba ya mtu baba hakutaka. Waliongea kwa bomba lenyewe. Aliye juu aligonga kwa spana, aliye chini akasikia.

"Gonga moja, funga maji. Gonga mbili, fungua. Gonga tatu, njoo tule," anasema, na anacheka peke yake barabarani. "Ile ya tatu ndiyo niliyoingojea mimi. Mama alikuwa anatufungia chakula kwenye sufuria, na kitambaa juu. Tulikula tumekaa kwenye ngazi za watu, bega kwa bega, baba mikono inanuka chuma. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile."

Mama hayupo tena. Na masikio ya Mzee Spana, yaliyowahi kumpa sifa mtaa mzima, yalianza kumuaga kidogo kidogo. Kwanza akadai redio imeharibika. Kisha akawalaumu watu kwamba siku hizi wanaongea kwa kunong'ona. Mwisho akakubali, akaiweka bisibisi yake mikononi mwa binti yake bila hotuba, akapanda chumbani kwake ghorofani. Tangu hapo hajaingia nyumba ya mtu kikazi.

"Nyumbani kwetu tunaongea kama tumegombana," anasema Binti Spana. "Na chakula kikiwa tayari, lazima nipande nimguse bega. Anashtuka. Kila siku anashtuka. Naona vibaya, kumshtua baba yangu mara mbili kwa siku kwa ajili ya sahani ya chakula."

Mzee Spana anapatikana kitini karibu na dirisha, akiwa na shati lililopigwa pasi. Anaguswa bega, anashtuka kama ilivyosemwa. Binti yake anasimama mbele yake ili aone midomo vizuri.

"Baba! Nyumba ya shangazi wa mkunga! Inagonga! Pafu uliliweka wapi?"

Mzee anamkazia macho. "Nyumba yenye kioo kikubwa bafuni?"

"Ndiyo!"

"Mama yule alitaka kioo pale pale nilipotaka kuweka pafu. Tulibishana hadi chai ikapoa." Tayari ameinama anatafuta viatu. "Siwezi kukueleza. Mkono ndio unaojua. Twende."

Anaomba ovaroli. Inatolewa sandukuni ikiwa na mikunjo ya miaka, na sasa inampwaya, maana mwili umepungua. Barabarani anatembea mbele ya binti yake. Watu wazima wa mtaa wanamsalimu, "Shikamoo Mzee Spana, umerudi kazini?" Yeye hasikii swali, ila anaijua midomo inayosema shikamoo, na anaitikia "Marahaba" kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mkunga anampokea mlangoni kwa mikono miwili. Mzee hapotezi muda. Anaweka kiganja ukutani bafuni, na mtu anafungua na kufunga koki. Gong! Mzee anatikisa kichwa, anasogea. Gong! Anasogea tena, anatoka bafuni, anaifuata korido akiwa ameubandika mkono ukutani. Mwandishi wa makala haya amewahi kuona wapelelezi wakifanya kazi, na hakuona aliyetembea kwa uhakika kama huu.

Anasimama mbele ya kabati la mashuka.

"Humu," anasema.

Mashuka yanatolewa. Nyuma yake kuna ubao uliopakwa rangi ya ukuta. Binti Spana anaubandua taratibu kwa bisibisi, na hapo, ndani ya vumbi, kipande cha bomba kimesimama wima, kimefungwa kifuniko juu, kwenye kiungo bado kuna nyuzi za katani na rangi nyekundu aliyozoea kutumia baba yake.

Binti Spana anakigonga kwa ukucha. Sauti inatoka nzito, haina mwangwi. "Limejaa maji," anasema. "Hewa yote imeisha."

Mzee amesoma midomo yake. "Bila shaka limejaa. Nilimwambia yule mama, kila ukipaka nyumba rangi, funga maji, fungua koki zote, nyumba itoe maji, ivute hewa. Basi."

Mkunga anajishika kinywa. "Shangazi alikuwa anafanya hivyo! Kila mara nyumba ikipakwa rangi, anafunga maji, anafungua koki zote, anatufukuza tukacheze nje. Sisi tulijua ni uzee. Tena tulikuwa tunamwigiza!" Anacheka, halafu machozi yanamtoka. Tangu shangazi afariki, nyumba imepakwa rangi mara mbili, na wote waliopaka hawakuambiwa.

Saa sita inakaribia. Kazi iliyobaki ni ndogo: kufunga koki kuu iliyo nje karibu na mita, kumwaga maji yote, kisha kuyarudisha polepole, mmoja akiwa chini na mwingine juu. Binti Spana anataka mkunga akae juu, waongee kwa simu.

Mzee Spana anamkatalia. "Juu nakaa mimi."

"Baba, utajuaje nimefungua?"

Mzee anaukamata mkono wa binti yake na kuubandika kwenye bomba pamoja na wake. "Gonga kama zamani," anasema.

Kwa hiyo Binti Spana anashuka. Anafunga koki kuu, anachukua spana, anagonga bomba mara moja. Juu, mzee amelishika bomba kwa kiganja, uso ameuelekeza kwenye kabati la mashuka. Kiganja kinapokea. Macho yanamtoka kidogo, na anatabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Amefunga," anatutangazia, kwa sauti kubwa.

Anafungua koki zote. Maji yanatoka, yanapungua, yanakoroma, yanakwisha. Koki ya sinki inavuta hewa ndani kwa pumzi ndefu, na nyumba inatulia. Mzee anazifunga koki zote, anabakiza moja tu, anagonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi aliyoachiwa na binti yake. Kutoka chini jibu linakuja, mara mbili, kisha maji yanaanza kupanda polepole.

Mkunga ndiye anayefanya jaribio. Anaifungua koki ya sinki hadi mwisho na kuifunga kwa hasira zote za usingizi alioukosa. Kimya. Anarudia. Kimya. Anakimbia jikoni, anajaribu kule, anapiga ukelele wa furaha. Kwenye ngazi anampigia simu kiongozi wa wale mafundi na kumwambia wasije, na mabomba ya plastiki atayarudisha dukani.

Mzee Spana hajaondoa kiganja kwenye bomba. Mshindo haupo, na hilo amelijua kabla yetu. Ndipo bomba linapogongwa tena kutoka chini, polepole. Moja. Mbili. Tatu.

Mzee anaiweka bisibisi mfukoni. Anashuka ngazi kwa kushika ukuta, anafika nje kwenye mita, anapangusa mikono kwenye ovaroli.

"Haya," anasema. "Chakula kiko wapi?"

Chakula hakuna. Binti Spana, spana bado mkononi, analia na kucheka kwa pamoja, na mkunga anakimbilia jikoni kuokoa jahazi. Baada ya muda kunapatikana chai, mkate na mayai, na wawili wale wanakataa meza. Wanakula wamekaa kwenye ngazi za mlangoni, bega kwa bega. Safari hii nyumba yote imetulia pamoja nao.

Ujira unapotolewa, Binti Spana anaupokea kwa mikono miwili, kisha anaomba nyongeza. Kwenye kibanda cha nyuma ameona bomba refu la chuma lililobaki tangu nyumba inajengwa.

"Chukua," mkunga anamwambia. "Lakini la nini? Kwani kwako maji yana shida?"

"Hayana." Binti Spana amekwisha kulibeba begani, na baba yake ameshika ncha ya nyuma. "Jumapili nalifunga nyumbani. Litaanzia jikoni, lipande hadi chumbani kwa baba, liishie pale anapoweka mkono kwenye kiti chake."

"La maji gani hayo?"

"Halina maji," anasema. "La kumwita baba aje tule."