Nikihama baada ya msiba, kaka yangu ataitwa mchawi

Admin, naomba unifichie jina. Na ninyi mnaofuata ukurasa huu, nisomeni hadi mwisho kabla ya kuandika.

Nina miaka arobaini na moja, nina mke, na hadi mvua za mwaka huu tulikuwa na watoto wanne. Mimi ni muntu wa Manono. Nilianza kwa kujaza upepo magurudumu ya baiskeli kando ya barabara, na pampu ya kuazima. Leo nauza vipuri vya pikipiki, na kwa kuwa mzigo wangu unatoka Kigoma kwa boti, mwaka jana niliamua tuhamie Kalemie. Hakuna aliyenishika mkono katika hayo yote. Nimezoea kupiga hesabu zangu mwenyewe.

Nyumba pia niliipigia hesabu. Nilikuja peke yangu kwanza, nikatembea mitaa wiki nzima. Kule chini upande wa ziwa, soko ni karibu na kodi ni nusu ya kule juu. Lakini niliangalia kuta. Kila nyumba ilikuwa na mstari wa kahawia kufika magotini, pale maji ya ziwa yaliposimama yalipopanda. Nikauliza habari ya choo. Wakaniambia choo kikijaa maji, wanangoja yashuke. Na maji ya kunywa wanachota ziwani hapohapo. Kule mlimani kuna robine, bomba la watu wote, inatoka asubuhi tu, foleni ndefu, na kupanda na bidoni ya maji kichwani ni taabu. Nikasema afadhali taabu. Nikachagua nyumba ya mlimani, vyumba vitatu, nikarudi Manono kufunga vitu.

Mambo yaliharibikia kwenye garanti, ile kodi ya miezi inayotangulizwa. Hapa mwenye nyumba hapendi kupokea garanti ya mgeni. Anataka muntu wa mjini asimame kati, ajue wa kumfuata. Mimi nina kaka mkubwa hapa, namwita yaya, anafanya kazi bandarini. Nikamtumia pesa ya miezi sita akamlipe yule wa mlimani. Siku tulipofika na familia, gari likaacha njia ya mlimani, likashuka moja kwa moja ziwani. Yaya alikuwa amelipia nyumba nyingine, inayopakana na kiwanja chake.

"Kule juu unamujua nani?" akaniuliza. "Mutoto akiugua, utaita nani? Hapa mimi njo ukuta wako."

"Yaya, ukuta wenyewe uko na alama ya maji."

Akacheka. Mke wake naye akacheka, akasema, "Watu wa Manono munapima hata chumvi. Shusha vitu, Papa, chakula inapoa."

Pesa ilikuwa imeshaliwa na mwenye nyumba, na mdogo hamkatalii mkubwa wake mbele ya mkewe. Tukashusha vitu. Na sitamsingizia, yaya alitupenda. Jioni watoto wangu walikula kwake kuliko kwangu.

Mvua zilipokuja, ziwa likapanda. Maji yakaingia uani, vyoo vikafurika. Mke wangu alichemsha maji, akatia dawa katika kila bidoni. Lakini mtoto hanywi kwao tu, anakunywa popote anapocheza. Binti yetu wa tatu, miaka sita, aliamka anaharisha. Mchana macho yake yalikuwa yameingia ndani. Yaya ndiye aliyembeba mgongoni, maji yakimfika mapajani, hadi kwenye pikipiki. Ndiye aliyemwingiza mikononi mwake kituo cha kolera. Jua lilipozama hatukuwa naye tena.

Yaya alinunua sanduku. Alikaa chini siku zote za kilio, hakuoga. Matanga yalipoisha nikamfuata, nikamwambia tunahamia mlimani, nina watoto watatu wa kulinda.

Akasema, "Sawa. Lakini ujue maana yake. Muntu akikimbia kiwanja ya ndugu yake baada ya kufiwa, watu hawaulizi habari ya maji. Wanauliza nani amekula mutoto. Mudogo wangu, utaniita mulozi na miguu yako."

Nilitaka kukasirika, ila najua anasema kweli. Mke wake ameshaulizwa ziwani, anakochota maji, kwa nini watoto wetu walikula kwao. Wiki iliyopita vijana wa mtaa walitupa mawe juu ya mabati yake, mchana kweupe. Mnajua kinachofuata mawe.

Nilimwomba tuhame wote, nyumba mbili pamoja. Akaniambia, "Nyumba hii nimeijenga miaka ishirini. Nani atanunua nyumba iko ndani ya maji? Na mimi nikikimbia, si njo watasema nimekubali?"

Mke wangu hasikii hayo. "Kaka yako ni mtu muzima, ana miguu," aliniambia. "Watoto wangu hawana mwenye kuwasemea. Ukibaki, baki naye. Mimi napanda."

Juzi mtoto wetu wa mwisho alishika tumbo. Ilikuwa embe bichi tu, ikapita, lakini mke wangu tangu siku hiyo hajanisemesha. Nyumba ya mlimani imepatikana tena na mwenyewe anataka jibu Jumapili.

Nina hasira na kaka yangu. Alinichukulia hesabu yangu, akanipa ya kwake, na aliyelipa ni mtoto. Lakini sitaki auawe kwa jambo ambalo hakulifanya.

Msiniandikie niombe, nimeomba. Niandikieni kama mngekuwa mimi: nipande na watoto wangu, au nikae niwe ngao ya yaya?

Na mjibu kwa adabu, maana yeye pia anafuata ukurasa huu. Yaya, ukijiona humu, ujue sijamwambia mtu kuwa ni wewe uliyemla mtoto. Ni maji.