Aliyesimama Mlangoni

Mzee aliyenifundisha kupiga picha hakujua kusifu. Ukimpelekea picha ya mtu, kwanza aliufunika mdomo wa yule mtu kwa kidole gumba, ili asidanganywe na tabasamu, kisha akaweka kioo chake cha kukuzia juu ya macho. Alikuwa anatafuta mlango. Vita vilikuwa vimefunga reli na mto, umeme ulikatika, betri za flashi ziliisha, na studio yake karibu na stesheni iliishi kwa mwanga wa mlango peke yake. Uso ulioelekezwa vizuri ulikuwa na mlango mdogo mweupe ndani ya kila jicho. Mlango huo usipoonekana, picha ilirudiwa, hata mteja anune vipi.

Wa kwanza niliyempiga picha mimi mwenyewe ni dada yangu mkubwa, yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Kesho yake angeondoka kwa miguu kumfuata mume wake katika mji wa Punia, na mama alitaka abaki na sura yake. Askari walikuwa wakipita barabarani, nami kwa woga nilisimama mlangoni kabisa, kamera mkononi na sikio moja nje. Yaya alikaa kwenye kigoda akaniangalia. Jioni mzee alisafisha filamu, akaitazama picha, akasonya.

“Ulisimama mu mulango,” alisema. “Umekata mwangaza yote. Angalia, mu macho yake iko mutu mweusi. Huyo njo weye. Muambie arudilie kesho asubui.”

Nilikuwa na kichwa kigumu, na nyumbani nilikuwa nimeshajisifu. Nilimwambia yaya picha imetoka vizuri. Angerudi studio, angechelewa safari kwa siku moja. Alfajiri aliondoka na kifurushi cha kitenge kichwani, na Punia hakufika. Mume wake alituma watu mara tatu kuuliza bado yuko wapi. Naona aibu hadi leo, na aibu ni neno dogo.

Mama alikataa matanga. Majirani walimsihi, padri alimsihi, shangazi zangu walitoka Kailo kuja kumsihi. Kila mtu alipewa jibu moja.

“Siwezi kumulilia mutu mwenye sijamuona.”

Tangu hapo nimepiga picha harusi na ubatizo wa nusu ya Kindu, lakini mama yangu mzazi hajawahi kucheka mbele ya kamera yangu. Ile picha ya yaya ilikaa ndani ya sanduku, haikutundikwa.

Mwaka huu mama ameanza kudhoofika, nikataka niwe na picha yake nzuri. Nilimkalisha kwenye korido saa nne asubuhi, nikamwambia aangalie mlango. Somo nilikuwa nimelishika: nilijibana ukutani, pembeni kabisa, nisimzibie mwanga. Uani hapakuwa na mtu, kuku tu. Nilipiga moja. Halafu uso wake ukalegea, akacheka kidogo, nami kwa furaha nikapiga ya pili bila kuuliza. Nikazichapisha zote mbili kubwa, nikampelekea mzee. Umri huu wote, bado nilitaka anisifu.

Siku hizi anaona kwa jicho moja. Aliitazama ya kwanza akaiweka chini. Ya pili alifunika mdomo wa mama kwa kidole, akainamia kioo, akakaa hivyo mpaka nikaanza kuchoka kusimama.

“Mwangaza ni muzuri,” alisema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kwake. “Lakini kosa njo ile ile ya zamani. Mutu amesimama mu mulango.”

“Hapana, Papa. Mimi nilikuwa pembeni.”

“Sisemi weye. Huyu ni mwanamuke. Iko na muzigo ku kichwa.”

Nilichukua kioo. Katika picha ya kwanza mlango ulikuwa mtupu. Katika ya pili ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, na katikati yake alisimama mtu mwembamba, kifurushi kichwani. Niliangalia jicho la pili. Naye alikuwemo. Mzee alinirudishia picha, na kwa mara ya kwanza hakuniambia nirudie.

Nyumbani, sikutaka kumwonyesha mama. Alinyoosha mkono mwenyewe akaichukua, akaitazama bila kioo.

“Mama,” nilisema, “siku ile ulikuwa unacheka na nani?”

“Si njo weye uliniambia niangalie mulango?” Aliniwekea picha mapajani. “Nimemuona. Sasa uite bashangazi. Tulie.”

Matanga tumeyafanya Jumamosi. Mezani, kati ya mishumaa, tumeweka picha pekee ya yaya tuliyo nayo. Watu waliinama mbele yake mmoja mmoja, wakamtazama usoni, wakalia. Mimi nilishindwa kusogea. Wao walimwona yaya. Mimi nilijua ni nani aliyemo ndani ya macho yake, amesimama, ameziba mlango.