Kaburi Ambalo Sikulichimba

Mke wangu aliniuliza avae viatu gani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba kama kawaida yake siku hizi, na kando yake kulikuwa na asumini alizonunua soko la Marikiti asubuhi ile.

"Lile kaburi liko mbali na lango?" akasema. "Kama ni mbali nitavaa raba."

Kanisa letu lilikuwa limetangaza ibada ya kuwakumbuka watoto waliofia tumboni au punde baada ya kuzaliwa. Kila mzazi angetaja jina la mwanawe mbele ya madhabahu, kisha wenye makaburi wangekwenda na mchungaji kuyaombea. Mke wangu alikuwa amelingoja jambo kama hilo tangu ujana wake. Nami nilijua kwamba kaburi analouliza halipo.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa akiwa amekufa, mimba imetimia. Wakati huo nilikuwa karani bandarini, tumepanga chumba ghorofani Mji wa Kale. Sisi watu wa bara, mtu wetu huzikwa nyumbani, kwenye shamba la babake. Kumzika ugenini ni kama kumtupa. Basi nikampigia simu kaka yangu mkubwa.

"Alilia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi huo si msiba, ndugu yangu. Unataka tukusanye ukoo mzima tumlilie mtu ambaye hata hakutuamkia?"

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Alidhani ananipunguzia mzigo, na kweli nilihisi umepungua. Shambani hawakumtaka, na huku pwani niliona aibu kumzika kama mtu asiye na kwao. Nesi aliponiuliza, "Baba, mtamchukua ama tumshughulikie sisi?" nikasema, "Mshughulikieni."

Jioni ile mwenye nyumba wetu, bibi wa Kiislamu aliyetuita wanawe, alipanda ngazi akanikuta peke yangu.

"Pole, mwanangu. Maiti i wapi?"

"Hospitali watamaliza, bibi."

"Watamaliza nini? Mwana hutiwa jina, akakoshwa, akavishwa sanda, akazikwa. Hata asopumua. Kama huna watu, nitawaita vijana wa mtaa wakakuchimbie."

"Sisi Wakristo hatufanyi hivyo," nikamjibu.

Haikuwa kweli. Nililisingizia kanisa jambo la ukoo wangu, na yule bibi akaheshimu dini yangu, akashuka ngazi.

Mke wangu alitoka hospitali maziwa yamejaa. Wanawake wa kwetu walimfunga kanga kifuani wakamwambia asilie, atamzuia mtoto mwingine asije. Aliponiuliza nimemzika wapi, nilisema makaburini, kando ya ukuta. Alipotaka kwenda, nilisema mila haimruhusu mama. Tulipata wengine, akanyamaza, nami nikadhani kunyamaza ni kusahau. Nikawa mzee wa kanisa. Nimesimama kwenye mazishi ya watoto wa watu, nikamwaga mchanga kwa mkono huu.

Sasa ananiuliza kuhusu raba.

"Hakuna kaburi," nikasema. "Nilimwacha hospitali."

Hakupiga kelele. Aliuliza kama nilirudi kesho yake kujua walimpeleka wapi. Nikasema sikurudi.

"Ungeniambia nikiwa na miguu ya kutafuta," akasema.

Ibadani alikwenda. Hakunisubiri, nikamfuata kwa tuktuk nyingine. Zamu yake ilipofika niliinuka niende naye, akanizuia kwa kiganja, bila kugeuka. Akataja jina. Sikuwahi kulisikia, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nimesema kwamba mtoto asiyebatizwa hapewi jina. Alikuwa amekaa nalo peke yake miaka yote hiyo. Sitaliandika hapa, si langu.

Mchungaji alisema Mungu anajua kila mmoja wao amelala wapi. Naamini hivyo. Lakini mke wangu hakuwa amemuuliza Mungu. Aliniuliza mimi, niliyekabidhiwa mtoto. Wenye makaburi walipotoka kuelekea garini, yeye alibaki kwenye benchi, na mimi nikabaki benchi la nyuma yake, nisijue niombe nini. Bado sijui. Nikipiga magoti, maneno hayaji.

Siku hizi huniuliza akichambua mchele, macho kwenye ungo.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi."

"Walimfunika?"

"Kwa shuka ya hospitali. Ya kijani."

"Halafu?"

"Halafu nikatoka nje."

Hungoja kidogo, kana kwamba nina zaidi. Sina.