Fundi Gideon na Sauti ya Mwalimu wa Kwaya

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeifunika Karatu, na Gideon Mlay ameshawasha kompyuta. Kazi za wateja ameziweka pembeni. Anakodolea macho skrini, anabonyeza, anasubiri, anatikisa kichwa. Majirani wa duka la viatu wamezoea kumwona hivyo tangu mwezi uliopita.

Gideon, fundi kompyuta aliyetoka Mwika kufuata riziki ya mji wa watalii, anatafuta nyimbo za marehemu.

Mwalimu Modest alifundisha kwaya ya parokia kwa miaka mingi, na nyimbo alizirekodi mwenyewe kwenye kompyuta yake kuukuu. Alifariki mwaka jana, 2008. Mjane wake, Naomi, akamletea Gideon kompyuta hiyo ikiwa hoi. Alitaka jambo moja tu: sauti ya mumewe isikike kwenye misa ya kumbukumbu.

Gideon aliwahi kuhamisha mafaili kabla diski haijakata roho. Tatizo likawa programu ya Modest. Ilikuwa ya zamani mno, kompyuta mpya ikaikataa. Ndipo akatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta: mashine ya zamani ya kuigiza, inayoendeshwa ndani ya mpya.

"Ikawa inaganda," anasema. "Nikaingia kwenye mipangilio ile ya kabla Windows haijawaka, nikairuhusu mashine ya ndani ifanye kazi. Wapi! Kumbe inayogombana nayo ni antivairasi. Inaiona hiyo ya ndani kama mwizi."

Akaizima antivairasi. Nyimbo zikalia.

Angeiwasha tena palepale, lakini kila akiiwasha, mashine ya ndani inaganda. Akajiambia ataiwasha akishamaliza kuzichoma nyimbo kwenye CD. Sasa, kwaya za huku zikisikia kuna wimbo hazingoji CD. Mchana huohuo, kabla hajachoma hata CD moja, wanakwaya walijaa dukani, kila mmoja na flashi yake mkononi, wanataka wawekewe.

"Wewe ungeweza kumwambia mtu aliyefundishwa na Modest arudi kesho?" anauliza. "Nilichomeka ya kwanza tu."

Flashi hiyo ilikuwa imezunguka stationery zote za mjini na virusi vyake. Mlango ulikuwa wazi. Nyimbo zikaharibika moja baada ya nyingine, wenyewe wamesimama wanatazama. Inauma hata kuiandika.

Limepona faili moja. Juzi Naomi alipokuja, Gideon alimweleza yote, kisha akampigia hilo lililobaki. Si wimbo. Modest anakohoa, anawakaripia waimbaji wa sauti ya pili kwamba wanavuta, wanauchelewesha wimbo, halafu inakatika.

Naomi aliinamisha kichwa. "Hata nyumbani alikuwa anatugombeza hivyohivyo," alisema. "Hebu rudia, mwanangu."

Gideon alirudia mpaka mama huyo alipoinuka kwenda zake.

Misa ni Jumamosi. Ijumaa Gideon atakwenda Endamarariek kwa mzee Hhando, mwimba besi wa kwaya ya Modest aliyewahi kurekodi mazoezi yao kwa redio kaseti. Mzee mwenyewe hakumbuki kama baadaye hakurekodi mahubiri juu ya kaseti hiyo.

"Nitakwenda hivyohivyo," anasema Gideon, macho yakiwa bado kwenye skrini. "Nikikosa, itapigwa hiyo ya kukohoa, kanisani, watu wote wasikie. Mama amesema ipigwe."